Gari Lililosikika Uwanjani

Jina la Sikio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa mtaa wa magereji, baada ya wote kushindwa kumdanganya. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche, na tangu ujana wake alikuwa na kazi moja tu: kuchomelea mabomba ya moshi ya magari, haya ambayo mafundi wote huyaita eksozi. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lenye mashine ya kuchomelea, jeki, benchi la wateja, na birika la umeme ambalo kifuniko chake kilipotea zamani na sasa lilifunikwa kwa sahani. Nyuma ya banda palikuwa na rundo la mabomba makuukuu. Hakutupa hata moja. Kipande cha gari hili kilikwenda kuziba pengo la gari lile, na mtaa mzima ulifanya kazi hivyohivyo. Nusu ya magari ya mji ule yalikuwa yanatembea na matumbo ya wenzao.

Hapo karakanani palikuwa na mchezo. Sikio yuko uvunguni mwa gari, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nje linapita gari jingine. Mmoja wa wale wasio na haraka ya maisha, waliozoea kulikalia lile benchi, anauliza, "Haya Sikio, nani huyo?" Jibu linatoka hukohuko chini: "Mwalimu mkuu. Na ile flenji ya kuungia bomba niliyomwambia bado hajabadilisha." Wanakwenda kuchungulia barabarani. Mwalimu mkuu kweli, amekunja sura, anawaza yake. Wanarudi wakicheka na kupigana viganja.

Kwa mtu kama huyo maneno ya watu hayakuwa na uzito. Mteja akija na kusema, "Mama, gari imeanza kelele jana tu," Sikio hakumsikiliza. Alimwambia awashe. Alisimama nyuma ya gari, kichwa ameinamisha, kisha akamwambia kelele zilianza lini, na kwamba amelipitisha gari kwenye matuta kwa fujo, na kwamba kabla ya kuja kwake alipitia kwa yule fundi wa bei rahisi kule kwenye mzunguko wa barabara. Kwake yeye kila binadamu alikuwa mwongo mpaka gari lake limtetee. Ndivyo alivyoishi, na kwa miaka mingi hakupata hasara yoyote kwa kuishi hivyo.

Sikio hilo alilipatia uwanjani. Nje ya mji kulikuwa na uwanja wa mbio za magari: lami ya kuzunguka, jukwaa la zege upande mmoja, na upande wa pili kona moja mbaya iliyowatoa jasho madereva wote. Baba yake alikuwa fundi wa pale. Magari yakienda upande wa pili yalikuwa hayaonekani, yamefichwa na kilima. Baba alimsimamisha binti yake juu ya pipa, akamziba macho kwa kiganja, akamuuliza ni gari gani linakuja na linaumwa nini. Mtoto alisema, "Lile jekundu, linakohoa." Likitokeza, ni lile jekundu, na baba yuko tayari na spana. Siku za mashindano mtoto yule alirudi nyumbani masikio yanavuma, amechafuka hadi kope, na hapakuwa na mtu duniani mwenye furaha kumzidi. Sidhani kama aliwahi kuipata tena furaha ya namna ile.

Baadaye baba akafa, wadhamini wakahama, mashindano yakaisha. Uwanja ukabaki mali ya halmashauri, yaani mali ya nyasi. Sikio alirithi mashine ya kuchomelea na mdogo wake wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa bado anavaa kaptura. Akamlea, akamsomesha kwa cheche zilezile, na kijana hakumwangusha. Alisomea mipango miji, akaajiriwa halmashauri, akapewa ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka. Aliponunua gari lake la kwanza, mtumba kama la wengi wetu, dada mtu alilizuia karakanani kutwa nzima. Alilitengenezea eksozi kwa mikono yake mwenyewe, na katikati akaunganisha kipande cha bomba la gari la mashindano kilichoachwa na baba yao. Gari likatoka na sauti yake peke yake: mngurumo mzito, na ukiachia mafuta, kikohozi kifupi, kama mzee anayebisha hodi. Tangu siku hiyo Sikio alijua mdogo wake anakuja tangu anapokata kona ya mtaa, na chai ilimiminwa kabla hajafika mlangoni.

Sasa wapenzi wa magari wa mji ule wakaamua kuufufua uwanja. Wakaunda klabu: mwalimu mkuu, muuza vipuri, madereva wawili watatu wa malori, na Sikio, ambaye hakuwa mwenyekiti lakini ndiye aliyefokea watu. Wakaiomba halmashauri iwakodishe.

Halmashauri haikukataa. Afadhali ingekataa, maana mtu akikataliwa anajua pa kwenda kulalamika. Wanaklabu walipigwa danadana. Dirisha la kwanza lilisema kelele zitawasumbua wananchi. Klabu ikaonyesha kwamba wananchi wa karibu zaidi na uwanja ni mbuzi. Dirisha la pili likasema lazima gari la zimamoto liwepo uwanjani siku ya mashindano. Gari la zimamoto la mji lilikuwa moja, mali ya halmashauri yenyewe, na lilikuwa limewekwa juu ya mawe halina matairi. Dirisha la tatu likataka vyoo. Wakajenga vyoo, Sikio akachomelea milango kwa mkono wake. Wakarudi kusema vyoo vipo, wakaambiwa vimejengwa bila kibali. Ikaja zamu ya barabara ya kuingilia. Ofisa mmoja akatandaza ramani mezani na kusema barabara hiyo haipo.

"Nimepita hapo leo asubuhi," Sikio akasema.

"Mama, hilo haliihusu ramani," ofisa akajibu, akaikunja.

Kila alipotoka huko na hasira zake Sikio alimweleza mdogo wake, na kila mara mdogo wake alisema maneno yaleyale. "Dada, wape wanachotaka. Usiwape sababu. Halafu vumilia kidogo."

"Nivumilie mpaka lini? Wewe si uko humohumo? Huwezi kuwauliza?"

"Siwezi kuongea ya ofisini, Dada. Vumilia tu."

Hapo ndipo machale yalipoanza kumcheza. Mtu wa kwanza kushukiwa alikuwa mkurugenzi, na hilo halina ajabu, mkurugenzi hushukiwa na kila mtu. Kisha mwenyekiti wa halmashauri, mwanamume mwenye tabasamu pana ambaye alimwita kila mwanamke "mama yangu mzazi". Kisha wale wa madirishani. Mitaani zilivuma habari kwamba uwanja unataka kukatwa viwanja, kwamba wakubwa wameshagawana kwa mdomo, na kwamba kikao kijacho cha halmashauri ndicho kitakachoamua: aidha klabu ipewe uwanja, au uwanja ugeuzwe nyumba za watu na mbio zife moja kwa moja. Sikio akaacha kulala vizuri. Akihesabu ni nani ndani ya jengo lile anayefahamu kila hatua ya klabu, nani anajua vyoo vimejengwa lini na fomu imepelekwa dirisha gani, alijikuta anarudi kwa mtu yuleyule mmoja, na alijilazimisha kuwaza kitu kingine.

Hata hivyo mambo yalikuwa yanaonekana. Mdogo wake alikuwa ameacha kuja na gari. Jumamosi alizoea kuliingiza mpaka mlangoni mwa karakana, sasa alikuja kwa miguu, viatu vina vumbi.

"Gari iko wapi?" Sikio aliuliza mara ya kwanza.

"Nimeiacha nyumbani. Kutembea ni afya."

Mara ya pili ilikuwa kwa fundi wa breki. Mara ya tatu shemeji yake ndiye aliyeiazima. Siku moja muuza vipuri alisema, bila nia mbaya, kwamba amemwona yule mdogo wa Sikio ameegesha gari mtaa wa pili, nyuma ya duka la magodoro, kisha akaja huku kwa miguu. Sikio aliendelea kusugua mshono uliokwisha kung'aa. Mtu aegeshe gari mbali, atembee juani, ili tu lisifike kwa dada yake! Kuna namna. Anayeficha gari anaficha lilikotoka, akawaza, na kwa kweli kama ningekuwa mimi ningewaza hivyohivyo.

Ikafika Jumapili moja alasiri. Wanaklabu walikuwa wameshinda uwanjani wakifyeka nyasi, wakaondoka mmojammoja, Sikio akabaki peke yake chini ya jukwaa akiviosha vifyekeo. Kulikuwa kimya. Ndipo akasikia gari upande wa pili, kule nyuma ya kilima, kule kusikoonekana. Lilikuwa linakwenda taratibu, linasimama, linakwenda tena. Mngurumo mzito. Dereva akaachia mafuta, na gari likakohoa mara moja.

Sikio alikuwa na kifyekeo mkononi, akakiweka chini polepole kama kwamba ndicho kingepiga kelele. Hakuhitaji kufumba macho. Alikimbia, kwa umri wake na viatu vyake vya kazini, akaikata ile lami mpaka juu ya kilima, lakini alipofika aliona vumbi tu na mkia wa gari unapotelea kwenye miti. Pembeni mwa kona ile mbaya, kwenye nyasi ambazo hawakuwa wamezifikia, kulikuwa na vigingi vipya vyenye vichwa vyeupe. Rangi ilikuwa mbichi. Ilimkaa kwenye kidole, akaifuta kwenye gauni lake, na aliendelea kufuta hata ilipokuwa imeshatoka.

Jumamosi iliyofuata mdogo wake alikuja, kwa miguu. Sikio alimmiminia chai. Hakutaka kumrukia. Alitaka kumsikiliza.

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mtoto alikuwa na homa."

"Na gari?"

Kijana alitazama birika, akatazama ile sahani iliyolifunika, akatazama viatu vyake. "Gari ilikuwepo tu, Dada," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Angekuwa mteja, Sikio angemwambia awashe. Lakini gari halikuwepo, na alivyoona yeye, halikuwepo kwa sababu. Akamwangalia mtoto huyu aliyemwogesha, aliyemfunga kamba za viatu, akamwona anageuza kikombe mkononi bila kunywa. Moyo wake ulivunjika hapohapo, nao ulivunjika kwa hasira. Alimkaribisha chai nyingine kwa adabu ya kumkaribisha mgeni.

Siku ya kikao, ukumbi wa halmashauri ulijaa. Wananchi waliruhusiwa kukaa nyuma, kwenye viti vya plastiki, na kusema neno kama mwenyekiti akiwaruhusu. Mdogo wake alikuwa amekaa mbele kwenye meza ya maofisa, tai imemkaba. Suala la uwanja lilipofika, mwenyekiti alitabasamu ukumbi mzima na kuuliza kama kuna mwananchi mwenye la kusema.

Sikio alisimama. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na harusini.

"Mimi ni fundi," alisema. "Hapa wote mnanijua. Nataka kujua kwa nini kabla hamjaamua, vigingi vimeshachomekwa uwanjani. Na nataka ofisa wa mipango miji anijibu, kwa sababu Jumapili ile nilisikia gari yake kule. Niliisikia kwa masikio yangu. Na nyinyi mnajua masikio yangu."

Kulikuwa na minong'ono, kisha vichwa vyote vikamgeukia kijana. Mwalimu mkuu, ambaye aliwahi kutambuliwa mara nyingi kuliko alivyopenda, alitikisa kichwa kukubali. Nani angebisha? Mtaa mzima ulikuwa umecheza mchezo ule na kushindwa.

"Ofisa," mwenyekiti akasema kwa upole mkubwa, "una la kujibu?"

Mdogo wake alisimama. Alimtazama dada yake, na ilikuwa wazi kwamba neno lipo, liko mdomoni, linasubiri kutoka tu. Akatazama watu waliokuwa wamekaa nyuma, wale wa benchi, muuza vipuri, mwalimu mkuu. Kisha akavua miwani akaifuta kwa tai. "Sina, mheshimiwa," alisema, akakaa.

Mwenyekiti alisikitika sana. Alisikitika kwa muda mrefu na kwa maneno mengi. Alisema halmashauri yake haiwezi kuvumilia mgongano wa maslahi, akamshukuru "mama yangu mzazi" kwa ujasiri wake, akaagiza ofisa huyo aondolewe kwenye suala la uwanja tangu dakika ile nalo akabidhiwe mwingine. Na akatabasamu. Sikio, aliyekuwa akishuku hata kivuli chake, hakulishuku tabasamu lile. Alikuwa analia, na alikuwa anajitahidi kujikaza kisabuni watu wasimwone.

Alitegemea mambo yatanyooka. Yalinyooka kweli, tena haraka ajabu. Ofisa mpya hakutaka vyoo wala zimamoto wala barabara. Alileta pendekezo lake kwenye kikao cha dharura, na uwanja ukawa viwanja. Lori likaja likamwaga kifusi kwenye mstari wa kuanzia, na bango likasimikwa kukataza watu kupita. Klabu ilipokwenda kuuliza, dirisha la kwanza liliwapeleka la pili, la pili likawa limefungwa. Mdogo wake hakuja Jumamosi ile wala zilizofuata. Sikio alisema, vizuri, asije, na kila Jumamosi alijaza birika kupita kiasi.

Alikuwa uvunguni mwa gari aliposikia. Mngurumo mzito, umekata kona ya mtaa. Ukapungua. Kikohozi.

"Haya Sikio, nani huyo?" mmoja wa benchi akaanza, kisha akakumbuka.

Sikio alijivuta kutoka chini, akajipangusa mikono, akajipangusa tena. Alikuwa na maneno makali ameyahifadhi kwa wiki nyingi, na sasa alipoyatafuta hayakuwepo. Amekuja, alijiambia. Hata kama ni mwizi, amekuja. Akawasha birika, akatoka nje.

Gari lililosimama mlangoni lilikuwa la bluu. Hakuwahi kuliona. Akashuka mwanamume mnene mchangamfu, shati la maua, simu mbili mkononi.

"Shikamoo mama! Nimeambiwa wewe ndiye bingwa wa eksozi. Hii yangu imeanza kuachia, naogopa itanidondokea njiani."

Sikio alikuwa ameshafika nyuma ya gari. Alipiga magoti kwenye vumbi bila jeki, akaingiza kichwa chini ya gari. Mshono ulikuwa wake. Mtu anaujua mshono wake kama anavyojua mwandiko wake. Na katikati, palepale, kilikuwepo kipande cha baba yao, cheusi, chenye kovu la zamani la spana.

"Hii umeitoa wapi?" aliuliza kutoka kulekule chini.

"Hiyo? Kwa fundi mmoja pale mzunguko wa barabara. Ilikuwa kwenye gari ya bwana mmoja wa halmashauri, mkewe amejifungua, mtoto anashtuka kila gari ikiingia. Bwana akaitoa akaweka ya kawaida. Mimi nikaupenda mlio wake. Mtu akinisikia anajua dalali amefika!" Akacheka. "Unajua mama, mimi nauza viwanja. Vile vya uwanja wa zamani wa magari, navijua vyote. Nimezunguka kule na mpimaji Jumapili ngapi, hata kabla ya kikao. Ukitaka nakutafutia cha kona, pale palipokuwa na ile kona kali. Kizuri sana."

"Kabla ya kikao?"

"Ee, mambo yalikuwa tayari muda mrefu. Kulikuwa na ofisa mmoja tu mkorofi, kila tukipeleka karatasi anaipatia kasoro. Mara mipaka, mara saini, mara turudi mwezi ujao. Ametuzungusha huyo, we acha! Karibu tukate tamaa. Bahati nzuri akaingia kwenye kashfa, sijui nani alimsema hadharani, wakamtoa." Akainama kuchungulia. "Mama, uko salama huko? Mbona kimya?"

Watu wa benchi walikuwa wamesikia kila neno. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Sikio alitoka chini ya gari uso umemjaa vumbi, na alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimwambia mteja ni bure. Alilitoa lile bomba zima, akafunga jingine kutoka kwenye rundo, na yule dalali akaondoka anamwombea baraka, gari lake linalia kama mengine yote.

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na geti la chuma ambalo Sikio mwenyewe alilichomelea. Wifi yake ndiye aliyefungua, mtoto begani. Alimkaribisha kwa mdomo, macho hayakumkaribisha.

"Mimi ndiye niliyemwambia aitoe," wifi alisema hata kabla ya salamu kuisha. "Mtoto alikuwa halali. Yeye hakutaka. Alisema utaumia. Ikawa kila akija kwako anaiacha gari mbali, usisikie kwamba imebadilika. Nilimcheka. Nikamwambia, dada yako ni mtu mzima, mwambie tu. Akasema hujui huyo anavyoipenda ile eksozi."

Mdogo wake alitokea mlangoni na ndala miguuni. Alikuwa amekonda. Hawakukumbatiana. Walisimama, kila mmoja anaangalia gari lililokuwa uani.

"Iwashe," Sikio alisema.

Kijana alikwenda akawasha. Gari lilinong'ona. Lilikuwa na mlio wa magari yote ya rangi zote ya mji mzima. Lingepita mlangoni kwake mara mia, asingejua kwamba ni damu yake inayopita.

"Ungesema pale," alisema. "Neno moja tu. Sema, dada, ile eksozi sinayo tena. Ungeokoka. Na uwanja ungeokoka."

"Mbele ya watu wote wale?" Mdogo wake alizima gari. "Wanaokuita Sikio? Niwaambie umekosea, halafu niwaambie nilitoa kazi yako nikaenda kufungiwa nyingine kwa yule fundi wa mzunguko? Nilisimama nikashindwa, Dada. Nilidhani nitapata nafasi nikueleze baadaye. Sikujua wangelichukua faili siku ileile."

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unawazuia."

"Nilikuwa natafuta kasoro tu. Ndiyo maana nilikwambia mtimize kila kitu, msiwape sababu. Ilibaki kidogo mpewe uwanja."

Sikio alitaka kusema nisamehe, na alisema. Alilisema vibaya, kwa sauti ya kufoka, kama anayemgombeza mtu, maana hakuwa na sauti nyingine ya karibu. Wifi akaingia ndani kuweka maji ya chai. Mtoto alianza kulia, kisha akanyamaza.

Uwanja haukurudi. Nyumba ya kwanza ilishafika kwenye linta, usawa wa juu ya madirisha, pale juu ya kona. Mdogo wake, ambaye baada ya kashfa ile alikuwa amesimamishwa kazi, alirudishiwa kiti chake cha kuzunguka baada ya muda, na Jumamosi huja tena karakanani. Huliingiza gari mpaka mlangoni, na Sikio hashtuki mpaka amwone amesimama mbele yake, kisha ndipo anakwenda kuwasha birika, na chai inachelewa. Kile kipande cha baba yao amekitundika ukutani kwa waya. Hajakichomelea popote.

Na wale wa benchi bado wapo, kwani waende wapi. Siku moja lilipita gari, Sikio akiwa uvunguni, miguu nje. Mmoja wao alisahau, au labda alitaka tu mambo yarudi yalivyokuwa.

"Haya Sikio, nani huyo?"

Kule chini spana ilisimama kidogo.

"Sijui," alisema. "Nenda ukaangalie."